Kutoka Ghorofa ya Chini

Uso wake sijauona.
Nilichokiona ni kile kilichoshuka kwa lifti
saa nne na dakika sita asubuhi,
ndani ya ndoo ndogo nyeupe, bado kina joto:
mkia wa kongosho, na juu yake uvimbe,
mviringo, umejifunga ganda lake
kama mtu aliyefunga vifungo vyote vya koti
kabla ya kutoka kwenye theluji ya Pohorje.

Fomu ilisema: Zarja Vindiš. Miaka kumi na tisa.
Mlinda lango, mpira wa mikono.
Mpira ulimpiga chini ya mbavu mwezi wa Novemba;
akacheza hadi filimbi ya mwisho,
akatapika ndani ya basi la timu.
Wakapiga picha wakitafuta wengu uliopasuka.
Wengu ulikuwa mzima.
Nyuma ya tumbo palikuwa na mgeni
asiyepiga hodi,
amekaa miaka mingapi, hakuna ajuaye.

Kongosho! Nani hukumbuka kuwa analo?
Moyo umepewa mashairi yote,
maini yamepewa mapenzi, nyongo imepewa uchungu;
kongosho halikupewa hata methali moja.
Limelala huko nyuma kama mpishi wa shule,
linakoroga, halishukuriwi,
na siku likitajwa
watu huinamisha vichwa.

Mama yake, nasikia, alipolisikia
alikaa chini pale pale koridoni na mfuko wake wa machungwa.
Jirani yao lilimmaliza kwa wiki tisa.
Daktari Hojnik akachuchumaa mbele yake,
mrefu vile, magoti yakalia,
akamwambia: nyumba ni ile ile, mama,
mpangaji siye.

Juu walikata. Mshipa wa wengu
hupita nyuma ya kongosho kama uzi ndani ya pindo,
na Hojnik alitumia saa nzima
kufumua bila kuchana,
ili msichana abaki na wengu wake.
Ukingo ukateremshwa kwangu, ukagandishwa.
Milojka akaukata;
mkono wake haujatetemeka tangu mwaka themanini na nane.
Nikainamia hadubini.
Watu saba wamesimama, tumbo liko wazi,
wananingoja mimi na kioo changu.
Nikashika simu. "Safi."
Upande wa pili mtu akashusha pumzi.
Sikujua ni nani.

Siku ya tano rangi zilikuwa tayari.
Nusu nyama, nusu damu iliyozeeka.
Wanafunzi husema: profesa, ni kama maua.
Nawaambia: tazameni tena.
Hakuna ua lililoota hapa.
Seli zilizokuwa mbali na mshipa zilikufa, zikadondoka;
zilizoushika zikabaki zimeuzunguka
kama watu waliozunguka jiko.
Mnachokiita petali
ni nafasi ya walioondoka.

Nikaongeza hudhurungi. Ikaingia hadi kwenye kiini.
Basi, ni wewe.
Tumekutana mara kumi na moja katika miaka thelathini,
na mara kumi ulikuwa ndani ya msichana.
Kwa nini wao? Sijui.
Vitabu navyo havijui,
ila vyenyewe hutumia kurasa mbili kutojua.

Nikaandika: umetolewa wote.
Nikaandika: afuatiliwe kwa miaka, maana huyu
ni mpole, lakini upole wake usiaminiwe mno.
Nilitaka kuongeza: mrudisheni golini.
Fomu haina kisanduku cha hayo.

Wiki iliyofuata nilitoka kununua mkate.
Mlangoni, msichana mwenye mabega mapana
alikuwa anacheka, mkono umebana ubavu wa kushoto,
maana kucheka bado kunauma,
na mwanamke mmoja anamkemea asicheke.
Huenda ndiye. Huenda alivunjika mbavu tu.
Nikampisha.
Akasema asante bila kunitazama,
kama inavyostahili.